Mkono wa Mafuta Unapokwama: Mwongozo kwa Mwenye Boti ya Jeti Yenye Injini ya Kabureta

Boti ya jeti haina rafadha inayoning'inia chini ya maji. Injini huzungusha pampu iliyo ndani ya chombo. Pampu hufyonza maji kupitia wavu ulio chini ya boti na kuyatupa kwa nguvu upande wa shetri, na mkondo huo ndio unaosukuma chombo mbele. Ubunifu huu ulikuzwa nchini New Zealand katika miaka ya 1950 na mhandisi William Hamilton, aliyekuwa akitafuta njia ya kupita katika mito yenye maji haba na mawe mengi. Siku hizi boti za namna hii, pamoja na pikipiki za majini zinazotumia pampu kama hiyo, zinaonekana pia katika fukwe za Afrika Mashariki, na baadhi yake humfikia mnunuzi zikiwa zimekwisha kutumika kwa miaka mingi.

Injini za boti za jeti zinazotengenezwa sasa hupuliziwa mafuta kwa mfumo wa umeme. Boti ndogo nyingi zilizoundwa katika miaka ya 1990, hata hivyo, zina injini za viharusi viwili zenye kabureta mbili au zaidi, na hizo ndizo tunazozizungumzia hapa. Katika makala haya tunaeleza hitilafu moja tu: mkono wa mafuta unaokwama, ukakataa kupunguza mwendo wa injini pale nahodha anapoutaka upungue.

Tunapenda mtumiaji aelewe tangu mwanzo kwamba hitilafu hii si usumbufu wa kuvumiliwa mpaka mwisho wa msimu. Ni kasoro ya usalama, na chombo chenye kasoro hiyo hakistahili kuingia majini hata kwa safari fupi. Habari njema ni kwamba chanzo chake kinaweza kutafutwa kwa utaratibu, mara nyingi bila kufungua kabureta yenyewe, na mtumiaji anayeujua utaratibu huo hatalipia kabureta mpya wakati kilichoharibika ni kebo.

Jinsi mwendo wa injini unavyoongozwa

Ingawa tumezoea kusema "mkono wa mafuta", kwa hakika kinachoongozwa moja kwa moja ni hewa. Ndani ya koo la kabureta kuna kisahani cha duara ambacho mafundi hukiita kipepeo. Kipepeo hicho kimefungwa kwa skrubu ndogo juu ya mhimili mwembamba unaopita katikati ya koo. Mhimili ukizunguka, kipepeo hufunguka. Hewa nyingi huingia, hufyonza petroli nyingi, na injini huongeza mwendo. Kipepeo kikifunga, hewa hupungua, na injini hurudi katika mwendo wa chini kabisa ambao mafundi huuita sailensa.

Mkono anaoushika nahodha umeunganishwa na kabureta kwa kebo. Mwisho wa kebo kuna wenzo mdogo ulio ubavuni mwa kabureta, na juu yake kuna springi inayokivuta kipepeo kifunge. Wenzo huo unaporudi hugota kwenye skrubu ya kikomo, ambayo huacha mwanya mdogo tu wa hewa kwa ajili ya sailensa. Injini yenye kabureta mbili au tatu huwa na ufito unaoziunganisha ili vipepeo vyote vifunguke na kufunga kwa pamoja. Kwa hiyo kabureta moja ikikwama, nyingine zote hubaki wazi pamoja nayo.

Kwa nini boti ya jeti inahitaji tahadhari zaidi

Katika boti nyingi za rafadha kuna gia inayotenganisha injini na rafadha. Boti ndogo nyingi za jeti hazina gia ya namna hiyo. Injini inapozunguka, pampu nayo huzunguka. Kile kinachoitwa "nyuma" au "katikati" hupatikana kwa kushusha ngao inayogeuza mkondo wa maji, si kwa kuitenga injini na pampu. Maana yake ni kwamba injini iliyokwama katika mwendo wa juu huendelea kusukuma maji kwa nguvu zote.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Boti ya jeti hugeuzwa kwa kuelekeza ule mkondo wa maji kushoto au kulia. Mkondo usipokuwapo, usukani huzunguka bure na chombo huendelea kuteleza kule kilikokuwa kikielekea. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Chombo hiki hukosa usukani hata kikiwa kizima, pale tu injini inapozimwa. Basi mtu ambaye mafuta yamemkwamia hukabiliwa na hatari mbili zinazovutana: akiiacha injini iendelee, mwendo haupungui; akiizima kabla ya kuelekeza chombo mahali salama, hawezi tena kukwepa kilicho mbele yake. Hatari hiyo haina nafasi ya kujifunzia majini. Inapaswa kuondolewa nchi kavu.

Dalili za kukwama, na dalili zinazofanana nazo

Dalili ya wazi ni injini kuendelea kunguruma baada ya mkono kurudishwa. Lakini kabla ya kufikia hapo, chombo hutoa maonyo madogo. Mkono huwa mzito kuliko ulivyokuwa. Husogea kwa mikupuo badala ya ulaini. Injini huchelewa kushuka, au hushuka nusu tu na kumalizia baada ya mkono kutikiswa. Katika pikipiki ya majini, kifyatuo cha kidole hurudi polepole au hubaki kimebonyea. Mtumiaji asiyapuuze maonyo haya kwa sababu tu mkono "umelainika" baada ya kusukumwa mara kadhaa. Chumvi na kutu havikuondoka, vimesogea tu.

Kuna hali inayofanana na kukwama lakini si kukwama. Wakati mwingine kipepeo hufunga sawasawa, na bado injini hubaki katika mwendo wa juu. Hapo chanzo huwa ni hewa inayoingia mahali pasipostahili, kama vile gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na injini au sili iliyochoka, au petroli kuwa kidogo mno ikilinganishwa na hewa. Katika injini ya viharusi viwili hali hiyo ni mbaya, kwa kuwa oili inayolainisha pistoni huingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, joto huongezeka na pistoni inaweza kuungua. Kulainisha kebo hakutasaidia hapa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kipepeo kiangaliwe kwa macho kabla ya kutoa hukumu.

Vyanzo vinavyojulikana

Vyanzo vya kukwama hupatikana katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kebo. Maji ya chumvi huingia kwenye ala ya kebo, hukauka, na kuacha chembe za chumvi na kutu. Kebo pia huweza kuchanika nyuzi, kukunjwa kwa kona kali mno, au ala yake kuyeyuka kwa kugusa sehemu yenye moto.

Sehemu ya pili ni viungo vya nje vya kabureta: ufito wa kuunganisha, viungio vyake na springi. Viungio hukauka na kujaa chumvi. Springi hupoteza nguvu au hukatika. Ufito ukipinda kidogo tu, mihimili ya kabureta mbili huvutana na kugoma. Wakati mwingine kinachozuia ni kitu cha kawaida kabisa, kama bomba la mpira au waya wa umeme uliosogezwa wakati wa matengenezo mengine na sasa unaegemea wenzo.

Sehemu ya tatu ni kabureta yenyewe. Mwili wa kabureta huwa wa aluminiamu au aloi yake, na mhimili huwa wa metali nyingine. Metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, moja huliwa, na unga mweupe hujikusanya pale mhimili unapoingilia. Petroli iliyoachwa kwa miezi bila kutumika nayo hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando unaonata kama gundi. Mwisho, kipepeo kilichofunguliwa na kurudishwa bila kuwekwa katikati hukwaruza ukuta wa koo. Na skrubu ya kikomo iliyolegezwa kupita kiasi huruhusu kipepeo kujibana ndani ya koo.

Kabla ya kugusa injini

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika boti ambayo injini yake imefunikwa ndani, mvuke huo hushuka na kutuama kwenye ngama, mahali ambapo cheche moja inatosha kuuwasha. Kwa hiyo mtumiaji afanye yafuatayo bila kuruka hata moja:

1. Chombo kiwe nchi kavu juu ya gari lake la kubebea, au kimefungwa imara gatini, na injini iwe imepoa.
2. Ufunguo utolewe, na kamba ya usalama ya kuzimia injini ichomolewe.
3. Kifuniko cha injini kifunguliwe na hewa iachwe ipite kwa muda. Kama kuna feni ya kutoa mvuke, iendeshwe kabla ya kazi, kisha izimwe.
4. Baada ya hapo waya hasi wa betri ufunguliwe. Ikiwa harufu ya petroli haijaondoka, kazi isianze.
5. Pasiwe na sigara, jiko, taa ya moto wala simu inayochajiwa karibu.
6. Glavu na miwani ya kukinga macho vivaliwe, kwa kuwa dawa ya kusafishia kabureta huumiza ngozi na macho.

Kutafuta chanzo kwa hatua nne

Hatua ya kwanza: angalia. Ondoa kifuniko cha hewa kilicho juu ya kabureta, ukikumbuka jinsi kila kipande kilivyokaa. Picha ya simu iliyopigwa mapema husaidia. Mwombe mwenzako asogeze mkono wa mafuta mbele hadi mwisho, kisha aurudishe. Wewe tazama wenzo wa kabureta. Je, umegota kwenye skrubu ya kikomo? Je, vipepeo vyote vimefunga kwa pamoja? Ikiwa vyote vimefunga vizuri kila mara, tatizo lako huenda ni lile la hewa au petroli tulilolitaja juu.

Hatua ya pili: tenga kebo. Weka alama mahali kebo ilipofungwa, kisha ifungue kutoka kwenye wenzo wa kabureta. Sasa zungusha wenzo kwa kidole na uuachie. Unapaswa kurudi wenyewe, kwa haraka na kwa mlio mdogo wa kugota. Ukirudi hivyo mara kumi mfululizo, kabureta ni nzima. Kasoro iko kwenye kebo au kwenye kisanduku cha mkono wa mafuta. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote, nacho hakigharimu chochote.

Hatua ya tatu: pima kebo peke yake. Ikiwa imetengwa upande mmoja, mwenzako asukume na kuvuta mkono taratibu. Kebo nzima hupita kwa ulaini mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni nzito, ifungue na upande wa pili ili ujue kama uzito uko kwenye kebo au kwenye kisanduku.

Hatua ya nne: tenga kabureta moja na nyingine. Ikiwa wenzo ulikwama hata baada ya kebo kutolewa, weka alama kwenye ufito wa kuunganisha, uufungue bila kubadili urefu wake, kisha pima kila kabureta peke yake. Ile inayogoma ndiyo yenye kasoro. Ikiwa kila moja ni laini ikiwa peke yake, basi kasoro ni ya ufito au ya jinsi kabureta zilivyofungwa. Bolti zilizokazwa bila usawa huweza kuzipinda mihimili isizunguke.

Matengenezo ambayo mtumiaji anaweza kuyafanya

Kebo iliyoshika kutu au iliyochanika hubadilishwa, haitengenezwi. Mtu anayejaza oili kwenye kebo iliyooza hununua siku chache tu. Kebo nyingi za siku hizi zina ala ya plastiki ndani, na grisi isiyofaa huifanya ivimbe na kubana zaidi. Hivyo usiweke kitu ndani yake isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kimeruhusu. Kebo mpya iwe ya urefu ule ule na ipitishwe njia ile ile, bila kona kali.

Viungio na mihimili iliyojaa chumvi au utando husafishwa kwa dawa ya kopo ya kusafishia kabureta. Puliza kidogo pale mhimili unapoingilia kwenye mwili wa kabureta, zungusha wenzo kwa kidole, futa uchafu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na urudie mpaka wenzo urudi wenyewe. Kisha weka tone la oili nyepesi ya kuzuia kutu kwenye viungio vya nje. Dawa hiyo hula mpira. Isielekezwe kwenye mabomba, sili wala sehemu za ndani ambako kiwambo cha mpira cha kabureta kimekaa.

Springi dhaifu hubadilishwa kwa springi iliyotengenezwa kwa injini hiyo. Tumeiweka hoja hii peke yake kwa makusudi. Springi isivutwe ili ionekane ngumu, isikatwe, na isisaidiwe kwa kipande cha mpira wa tyubu. Mpira hulegezwa na petroli na joto, na siku utakapokatika, chombo kitakuwa majini.

Mambo matatu hayafai kabisa: kuulazimisha mhimili kwa koleo, kukwangua koo la kabureta kwa kisu au msasa, na kuigeuza skrubu ya kikomo ili "kuificha" kasoro. Koo lililokwanguliwa halirudi kuwa lilivyokuwa.

Kazi zinazomhitaji fundi

Ikiwa mhimili umegoma baada ya kusafishwa, kabureta inapaswa kufunguliwa, na hapo tunashauri kazi hiyo apewe fundi anayeifahamu injini ya boti. Skrubu zinazoshika kipepeo hufungwa kwa namna ya kuzizuia zisilegee, kwa sababu skrubu moja ikidondoka hufyonzwa moja kwa moja ndani ya injini. Kuzirudisha bila kuzifunga upya ni kuharibu injini kwa mkono wako. Vilevile, kabureta zilizotenganishwa hazina budi kulinganishwa tena ili vipepeo vifunguke kwa kiasi kimoja. Zisipolingana, silinda moja hufanya kazi kuliko nyingine.

Tunawatahadharisha watumiaji kuhusu pendekezo la kufunga kabureta ya gari. Kabureta ya injini ya ndani ya boti huundwa ili petroli inayofurika irudi kwenye koo la hewa, isimwagike nje na kushuka kwenye ngama. Kabureta ya gari haikuundwa hivyo. Kadhalika, injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti huwa na kizuia miali juu ya kabureta, ili injini ikipiga moto kinyumenyume mwali usitoke nje. Nchini Marekani kifaa hicho ni cha lazima kwa injini za namna hiyo zilizofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940. Fundi akimaliza kazi, hakikisha kimerudishwa mahali pake. Boti isiyo nacho isiwashwe.

Kujaribu baada ya matengenezo

Anza injini ikiwa imezimwa. Sogeza mkono hadi mwisho na kuurudisha mara ishirini, ukitazama wenzo unavyogota kila mara. Geuza usukani kulia kabisa na kushoto kabisa, kisha rudia. Kebo iliyopitishwa vibaya huvutwa pale usukani unapogeuzwa.

Ukitaka kuiwasha nchi kavu, kumbuka kwamba injini hupozwa na maji. Fuata kitabu cha mtengenezaji kuhusu bomba la maji ya kupozea. Katika injini nyingi za pikipiki za majini na boti ndogo za jeti, injini huwashwa kwanza ndipo maji hufunguliwa, na maji hufungwa kwanza ndipo injini huzimwa. Kinyume chake maji huweza kuingia kwenye silinda. Watu, hasa watoto, wakae mbali na wavu wa kufyonzea maji na mdomo wa jeti. Nywele ndefu, khanga au kamba hufyonzwa kwa mara moja.

Jaribio la majini lifanyike mahali pa wazi, pasipo waogeleaji wala mitumbwi, bila abiria, nahodha akiwa amevaa jaketi okozi na kamba ya usalama ikiwa imefungwa mwilini mwake.

Mafuta yakikwama ukiwa majini

Utaratibu huu usomwe sasa, kwa kuwa wakati huo hautapata nafasi ya kuusoma.

Kama mbele kuna nafasi ya kutosha, vuta kamba ya usalama mara moja. Injini itazima, chombo kitateleza mpaka kisimame.

Kama mbele kuna mtu, chombo au gati, geuza usukani kwanza wakati mkondo bado unasukuma, elekeza boti kwenye maji ya wazi, kisha vuta kamba. Usizime kwanza ukitarajia kukwepa baadaye. Usitegemee kushusha ngao ya kurudi nyuma ukiwa katika mwendo wa kasi. Huweza kuwatupa abiria na kuharibu chombo.

Chombo kikishasimama, hesabu abiria, tia nanga kama kina kinaruhusu, na omba msaada. Usiiwashe injini tena "kujaribu tu" mpaka umeona kwa macho yako kwamba vipepeo vimefunga.

Kamba ya usalama haifanyi kazi ikiwa inaning'inia kwenye kitako. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya nchi nzima inamtaka mwendeshaji wa boti ndogo yenye kifaa hicho kukitumia chombo kinapokuwa katika mwendo wa kasi. Mahali popote ulipo, ifunge mwilini kila safari, na uipime kila siku kabla ya kuondoka: vuta, na injini izime.

Unaponunua na unapolipa

Mnunuzi wa boti iliyotumika aombe kuiona injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi. Afanye ile hatua ya kwanza mbele ya muuzaji. Unga mweupe kwenye kabureta, springi zisizofanana, vipande vya mpira au waya vilivyofungiwa wenzo, na skrubu ya kikomo iliyogeuzwa mpaka mwisho ni ishara kwamba kasoro imefunikwa, haikutengenezwa. Muuzaji anayekataa kufungua kifuniko amekwisha kujibu swali.

Unapompa fundi kazi, mweleze dalili, si dawa. Usiseme "nibadilishie kabureta". Sema "mkono haurudi, naomba unionyeshe ni wapi". Omba makadirio ya gharama kwa maandishi yanayotenganisha vipuri na ufundi. Kazi ikiisha, dai vipuri vya zamani urudishiwe na risiti yenye majina ya vipuri vipya. Ukishindwa kuelewana na muuzaji au fundi, mwandikie kwanza yeye mwenyewe ukieleza kasoro na tarehe. Nakala ya barua hiyo, risiti, picha na vipuri vya zamani ndivyo vitakavyotuwezesha kulishughulikia lalamiko lako.

Kuhusu usalama wa chombo chenyewe, ukaguzi na leseni za vyombo vidogo viko chini ya mamlaka za usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya. Anayekodisha boti au pikipiki ya majini kwa wageni ajue kwamba mkono wa mafuta unaokwama hauhatarishi mali yake peke yake. Anayeushika siku hiyo mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuendesha chombo cha namna hiyo maishani mwake.

Utunzaji baada ya kila safari

Osha chombo kwa maji baridi, ukiepuka kuelekeza maji kwenye mdomo wa kabureta. Acha kifuniko cha injini wazi kikauke kabla ya kufunga. Weka oili nyepesi kwenye viungio vya nje mara kwa mara. Chombo kitakachokaa miezi bila kutumika, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kuondoa petroli kwenye kabureta. Na kila asubuhi, kabla abiria hawajapanda, sogeza mkono wa mafuta mbele, urudishe, na usikilize ule mlio mdogo wa wenzo ukigota. Usipousikia, safari iahirishwe.